Kiti cha Shabiki Aliyelala

Mzee Chokaa alizeekea ndani ya uwanja mkubwa wa mpira, na katika viti vyake vyote hakuwahi kukalia hata kimoja. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye nyasi. Yeye ndiye aliyechora mistari. Mechi ikiwa jioni, asubuhi na mapema yuko na toroli lake la chokaa, kamba na vigingi, anapiga mstari mmoja baada ya mwingine mpaka uwanja uitwe uwanja. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Watu walimwita Chokaa kwa sababu suruali, viatu na nyusi zake vilikuwa vyeupe, na baadaye nywele nazo zikaja kuunga mkono.

Hakusoma. Mstari alijifunza kwa jicho na kamba. Na kamba ina ncha mbili. Ncha ya pili aliishika mkewe.

Mwanzoni ilikuwa shida tu, hapakuwa na msaidizi. Wasaidizi walipokuja kuajiriwa, mke akakataa kuwaachia kamba. Alisema vijana hao wanaishika kama mtu anayeshika mkia wa mbuzi wa jirani. Yeye aliivuta mpaka ikalia, akapiga goti moja, akasema, "Haya, pita." Mzee akapita na toroli. Ndoa yao yote ilikwenda hivyo. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule, mstari unanyooka. Maneno mengi hawakuwa nayo wala hawakuyatafuta.

Kwa kushika kamba, mama alipewa kiti cha bure jukwaa la jua. Huko akajulikana kuliko mumewe. Walimwita Mama Penalti. Mpira aliupenda, ila penalti hakuweza kuiangalia. Refa akionyesha tu kidole kwenye nukta, mama anainamisha kichwa, kidevu kinagusa kifua, macho anafumba, mikono anailaza mapajani, mpaka kelele zimwambie imekuwaje. Fundi viatu, mtu aliyekaa kiti cha pembeni yake misimu yote, alimtania kwamba macho yake yanachukua likizo siku ya kazi. Mama akamjibu, "Mpigaji ana mama yake, kipa naye ana mama yake. Niangalie uso wa mtoto wa nani?"

Jukwaa zima la jua lilijua tabia hiyo. Mtu akimwona kainama, hashtuki. Anasema, Mama Penalti huyo, atanyanyuka.

Kisha vikaja vioo.

Kampuni moja iliweka meza kwenye milango ya uwanja. Unaacha kitambulisho, unapewa runinga ya kiganjani yenye kamba ya kuvaa shingoni. Watu wakaiita kioo. Ndani yake unaona mechi ile ile inayochezwa mbele ya pua yako, lakini unajichagulia: kamera ya nyuma ya goli, kamera ya kocha, kamera ya juu. Bao unalirudisha nyuma utakavyo. Unatabiri mfungaji. Unapiga kura. Mzee Chokaa alisimama na toroli lake pembeni ya uwanja akatazama majukwaani, akaona maelfu waliokuja kwa jasho kuangalia mpira, na mpira unachezwa, nao wameinamisha shingo. Jioni alimwambia mkewe watu wamekuwa kama kuku wanaokunywa maji.

"Kuku akinywa huinua kichwa," mkewe akasema.

Kilichopendwa kuliko vyote ndani ya kioo kiliitwa Viti. Wakati wa mapumziko walionyeshwa mashabiki walionaswa na kamera: mwenye mbwembwe, anayelia, anayekula, aliyelala. Watu wanabonyeza, wanapiga kura. Anayeshinda anakalia kiti cha aina yake, na picha zake zinarudiwa kila mechi, kila mapumziko, pamoja na muziki wa kuchekesha, mpaka apatikane wa kumshinda. Kulikuwa na mtu aliyekalia kiti cha anayekula kwa muda mrefu mpaka watoto wa mitaani wakawa wanamfuata wanatafuna hewa. Akaacha kuja uwanjani. Kitini hakuondoka.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Karibu na mapumziko refa alitoa penalti. Mama Penalti akainama kama kawaida yake. Mpira ukaingia wavuni, uwanja ukalipuka, watu wakaruka, wakakumbatiana na wasiowajua, na katikati yao mama mmoja amekaa kimya, kidevu kifuani, mtandio umemwangukia bega. Kamera haikuhitaji mwingine. Ilimkuta, ikamng'ang'ania.

Mapumziko yalipofika Mzee Chokaa alikuwa amepiga magoti kwenye eneo la goli, anarudishia nukta ya penalti iliyofutwa na viatu. Askari wa lango akamjia anacheka na kioo mkononi. "Mzee, njoo umwone mama watoto. Kagombea kiti."

Mzee akaangalia. Akamwona mkewe, na watu wanamruka kulia na kushoto, na yeye katulia. Akacheka. Alijua halali, alijua ni penalti tu, na ikamfurahisha kwamba uwanja mzima umedanganyika isipokuwa yeye. Askari akamwambia ampe kura. Mzee akajifuta chokaa kidoleni, akabonyeza.

Mama akashinda.

Fundi viatu, pale pembeni, naye aliona kwenye kioo chake. Kioo kiliandika: Shabiki Aliyelala. Akatazama pembeni, kweli mama bado kainama. Penalti ilishapita, lakini kioo kilishasema amelala, na nani wa kubisha. Akauvuta mtandio ukamkinga jua vizuri asije akaamka na kichwa kinauma, akarudi kwenye kioo chake. Kipindi cha pili chote alikaa hivyo, bega kwa bega na maiti.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile paliharibika, na wengi walikuwepo.

Watu walipotoka, kiti kimoja hakikutoka mtu. Mzee Chokaa ndiye aliyepanda ngazi kumwamsha. Hospitali daktari alisema moyo. Akasema pia kwamba angewahishwa pale pale, labda. Mzee alilibeba neno hilo la labda mpaka nyumbani, akalilaza kwenye kitanda upande wa mkewe, na kila asubuhi alilikuta limeshaamka kabla yake.

Alirudi kazini kwa sababu nyumbani kulikuwa na sufuria moja, kikombe kimoja kilichotumika na kimoja kisichotumika. Uongozi ukampa kijana wa kushika kamba. Akamrudisha. Ncha ya pili akaifunga kwenye kigingi. Kigingi hakiivuti kamba, kinaishikilia tu, na mstari ulinyooka lakini hakuna aliyemwambia pita.

Mechi ya kwanza baada ya mazishi, wakati wa mapumziko, alisikia jukwaa la jua linacheka. Si kicheko cha huyu na yule. Kilipita kama upepo, kikavuka jukwaa kuu, kikarudi. Akamwangalia askari wa lango. Askari akakificha kioo nyuma ya mgongo. Hapo mzee akajua.

Wiki hiyo binti yake alipiga simu kutoka mji mwingine. Alisema picha zile zinaonekana hata nje ya uwanja, kampuni inazirusha kwenye simu za watu. Mwanawe mdogo kazikuta kwa majirani, kaambiwa acheke, na alipokataa kwa kuwa ni bibi yake, wamemwita mjukuu wa usingizi. Binti hakulia. Alizungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Baba, wewe uko hapo hapo uwanjani. Nenda uwaambie wamtoe mama."

"Nitakwenda."

"Kabla ya fainali, baba. Fainali wataiangalia watu wote."

Ofisi ya vioo ilikuwa chini ya jukwaa kuu, chumba cha baridi chenye televisheni ukuta mzima. Mzee alivua viatu mlangoni, si kwa adabu, kwa chokaa. Alipokelewa na dada wa huduma, msichana wa umri wa kitinda mimba wake, kama angezaa wengi. Akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akamwuliza kama amekuja kuchukua zawadi, maana mshindi wa kiti cha aliyelala hajachukua fulana yake wala kioo chake cha bure.

Mzee akamwambia mshindi amekufa. Akamwambia pia lini: wakati ule ule anashinda.

Mkono wa dada ulikwenda mdomoni, ukabaki huko. Kisha akainuka, akaingia kwa bosi wake chumba cha ndani, mlango haukufungwa vizuri na mzee alisikia. Bosi hakuwa na sauti mbaya. Alisema kila anayenunua tiketi amekubali kupigwa picha, imeandikwa nyuma ya tiketi. Dada akasema huyu mama hakununua, alipewa. Bosi akasema basi amepewa na masharti yake. Dada akauliza, je, wakiwatangazia watu kwamba marehemu ndiye huyu, si wataacha wenyewe kumpigia kura? Bosi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeijua biashara yake, akasema wakisikia amekufa ndiyo watamrudia mara mbili mbili watafute roho inatoka wapi.

Kufa kufaana. Mzee aliisikia methali hiyo tangu utotoni, ila siku hiyo aliiona inatembea na viatu vya ngozi.

Dada akarudi, macho chini. Akauliza kama mzee angependa kuona picha zote, maana zinazorushwa ni kipande tu. Mzee akageuza kiti kuelekea ukutani. Dada akaziweka kwenye televisheni ya ukutani.

Zilianza kabla ya penalti. Mkewe alikuwa na uso wake wote, mkubwa kama dirisha. Alikuwa anatafuta kitu chini uwanjani, macho yanakwenda pembeni ya mstari, yanarudi. Yakasimama. Akainua mkono mpaka usawa wa bega, vidole vikafunguka na kufumba, kama alivyofanya asubuhi akiwa kule mwisho wa kamba kumwambia mumewe tayari. Kisha firimbi ikalia, akainama.

Mzee alijua alikuwa wapi saa ile. Alikuwa ameinamia gurudumu la toroli lililokwama. Salamu ile hakuiona.

Aliomba irudishwe. Dada akairudisha. Akaomba tena. Mara ya mwisho dada hakungoja aombwe.

"Hiki kioo cha zawadi, mzee, ukikichukua utaiona hii muda wowote," akasema. "Nitakufundisha pa kubonyeza. Ila itakuwepo tu kama bado yuko kitini. Mtu akitolewa kitini picha zake zote zinafutwa, nafasi inaliwa na mpya. Na mimi sina ruhusa ya kuzitoa nje ya mashine."

"Anatolewaje?"

"Akishindwa. Kiti hakiachwi wazi, mzee wangu. Atoke mmoja, akae mwingine aliyelala kumzidi."

Mzee akatazama ukuta. Mkewe alikuwa amesimamishwa pale pale, mkono juu, vidole wazi. Nje, mapumziko ya fainali, watu watacheka tena, na mtoto kule mji mwingine ataambiwa acheke. Hapa ndani, huu mkono. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Vilifungwa kamba moja.

"Huyo mwingine, lazima awe amelala kweli?"

Dada akatazama mlango wa bosi. "Kamera haiulizi," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamweleza inavyotafuta: bao likifungwa watu wanasimama, na wapiga picha wanamsaka aliyebaki kukaa.

Mzee akashukuru, akavaa viatu. Kioo cha zawadi hakukichukua.

Siku ya fainali alichora mistari mapema kuliko kawaida. Kigingi upande ule, yeye upande huu. Alipofika nukta ya penalti aliizungushia mkono taratibu, akaijaza chokaa mpaka ikavimba. Kisha akanawa. Akavaa shati la mazishi ya mkewe, kwa kuwa ndilo safi. Toroli akamwachia askari wa lango, akamwonyesha gurudumu linalokwama. Askari akamwuliza anakwenda wapi na mechi inaanza. Mzee akamwambia anapanda juu.

Kiti cha mkewe kilikuwa kitupu. Jukwaa la jua walikiacha, hilo walilifanya. Fundi viatu alikuwa pembeni, kioo shingoni. Tangu mazishi hawakuwa wamesemezana. Fundi alipomwona mzee anakaa, alisogea nusu kiti ingawa nafasi ilikuwepo.

"Leo hauko kazini, mzee mwenzangu?"

"Niko kazini."

Fundi alimpa karatasi ya kukalia, kiti kilikuwa cha moto.

Kutoka juu mistari ilionekana yote. Mzee hakuwahi kuiona yote kwa pamoja. Ilikuwa imenyooka, isipokuwa mmoja, wa upande wa kigingi, uliopinda kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mkewe angeuona. Pengine misimu yote alikuwa akiiona iliyopinda na hakusema.

Bao lilikuja bila penalti. Kelele zikapanda, watu wakasimama kama maji yanayochemka yanavyoinua kifuniko. Mzee Chokaa akainamisha kichwa. Kidevu kifuani, macho akafumba, mikono mapajani. Akalegeza mabega. Mtu alimkanyaga, mwingine akammwagia soda begani, ikashuka kifuani kwa baridi. Hakutikisika. Kwa sikio aliwajua wanavyokaa tena, na mapumziko yalipofika alijua saa picha yake ilipoonyeshwa, kwa kuwa kicheko kilianzia mbali, jukwaa kuu, kisha kikasogea kama mtu anayemtafuta mwenyewe.

Nyuma yake mtu akasema kiti cha bibi kimempata babu. Mwingine akasema usingizi wa ukoo huu unarithiwa. Wakacheka kwa nguvu, na mtu akawaambia wapunguze sauti wasimwamshe kabla ya kura. Vioo vikaanza kulia tii, tii, kila kura na mlio wake. Karibu na sikio lake la kushoto, upande wa fundi viatu, kioo kimoja kililia tii.

Mzee alikuwa amekuja kushinda. Angepaswa kufurahi kwa kila mlio. Lakini akiwa ndani ya giza lile la macho yake mwenyewe aligundua kwamba anangoja kitu kingine. Alingoja mkono. Mkono mmoja tu begani, wa yeyote, wa kumtikisa. Kama ungekuja, angelazimika kuinuka, picha ingeharibika, mkewe angebaki kitini akichekwa. Alijua hivyo. Bado aliungoja. Aliungoja kwa ajili yake yule aliyekaa pale kabla yake, apate kujua alingoja nini, kama alipata muda wa kungoja.

Mkono haukuja. Muziki wa kuchekesha ulipigwa mpaka mwisho, na mtangazaji wa ndani ya vioo akasema tuna mfalme mpya wa usingizi.

Mzee Chokaa akafumbua macho.

Fundi viatu akaruka. "Kumbe uko macho."

"Muda wote."

Fundi akacheka kwa aibu, akapangusa kioo kwenye shati. Mzee hakucheka.

"Nimekaa hivi tangu bao," akasema. "Mke wangu alifia hapa hapa pembeni yako. Mbona hukunigusa?"

Fundi viatu alikitazama kioo, akamtazama mzee, akakitazama tena kioo kana kwamba kitamsaidia.

"Kiliandika umelala," akasema.

Mzee akainuka. Alishuka ngazi polepole, magoti yalikuwa yamekufa ganzi, na watu waliomtambua wakawa wanampigia makofi njiani, wengine wanajilaza mabegani mwa wenzao na kukoroma. Alipofika chini akalichukua toroli lake, akaenda kupiga magoti kwenye nukta ya penalti. Mapumziko yalikuwa karibu kuisha na ilikuwa imefutika nusu.

Zawadi waliileta wenyewe mara hii: fulana yenye picha ya mtu anayekoroma kifuani, na kioo cha bure. Kioo alikiacha mezani kwa askari wa lango. Fulana aliichukua, maana toroli lilihitaji kitambaa cha kupangusia na cha zamani kilishachanika.

Binti alipiga simu. Alisema mama ametoka, hayupo tena popote wanapoonyesha. Kisha akaongeza: "Sasa wanakucheka wewe, baba."

"Waache. Mimi ni mzima."

"Na mtoto anasema bado wanamwita mjukuu wa usingizi."

Mzee aliwaza watoto wale wanaotafuna hewa. Akamwambia binti mtoto aletwe likizo, amfundishe kushika kamba.

Msimu mpya ulipoanza alimkuta dada wa huduma anafungua ofisi. Alimwamkia vizuri, kama mtu na mkwewe. Mzee akazungukazunguka, akasifu hewa ya asubuhi, akasema nyasi zimeota vizuri. Mwisho akauliza. Zile picha za mama, za ukutani, mwanzo wake, pale kabla hajainama. Je, hata kipande hakikubaki mahali, hata ule mkono tu?

"Zilifutwa zote, mzee wangu. Siku ile ile."

"Na ule mkono."

"Na mkono."

"Haya," mzee akasema.

Akaenda zake uwanjani. Akapigilia kigingi upande ule, akarudi upande huu, akaivuta kamba mpaka ikalia. Akasimama na toroli, kichwa kimeinuka, macho kule mwisho, kama mtu anayengoja kuambiwa pita. Kisha akapita.